Pimamaji, Fundi Aliyebomoa Kidato cha Tisa

Umetimia mwaka mzima leo, Fundi, tangu daktari yule mwembamba atoke chumba cha wagonjwa mahututi, avue miwani yake, na kutuambia kwamba mapafu yako yameshindwa. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Ulikuwa na miaka thelathini na tisa. Jumanne iliyotangulia ulikuwa ghorofa ya tatu, umebeba karai la zege begani. Hadi leo watu wakiniuliza uliugua muda gani, nikawajibu siku sita, wananitazama kama mtu aliyekosea kuhesabu.

Anayeandika ni mimi, mumeo, kinyozi. Tulikaa sebuleni familia nzima tukajadiliana nani aandike, na dada yako akamaliza mjadala kwa sentensi moja: "Shemeji anaongea na vichwa vya watu tangu asubuhi mpaka jioni, hatakosa la kusema." Basi nimeshika kalamu, na wao wako nyuma yangu wananisahihisha.

Tunataka watu wakujue kwanza. Ugonjwa utafuata.

Ulianza kazi ya ujenzi kwa kubeba maji. Miaka miwili uliwamwagia mafundi maji kwenye zege huku macho yako yakiwa kwenye mikono yao. Siku moja fundi mmoja hakutokea, ukuta umefika kiunoni, na fundi mkuu anahaha huku na huku. Ukaokota mwiko. "Wewe mama, weka chini hicho, si kijiko cha supu," akakwambia. Nawe ukamjibu, "Nipe mistari mitatu tu ya matofali. Ikipinda nitaibomoa mwenyewe, na kesho sitakuja." Ulipomaliza, akaleta pimamaji, kile kipimo cha mafundi chenye kiputo ndani ya kioo. Akaiweka juu ya ukuta. Akaiweka ubavuni. Akaigeuza, akaitikisa sikioni akidhani imeharibika. Kiputo kikakaa katikati kama kimetiwa gundi. "Haya, endelea," akasema, akaondoka bila kukutazama usoni.

Hadithi hiyo ulitusimulia mara mia, na kila mara uliigiza jinsi alivyoitikisa. Kesho yake vibarua wakaanza kukuita Pimamaji. Walikusudia mzaha. Wewe ukalipokea jina lile kama cheo, na baada ya miaka ishirini na miwili kwenye majengo hakuna aliyelitamka tena kwa mzaha.

Ulikuwa na tabia moja iliyotuaibisha sote: kugonga kuta za watu. Siku nilipokupeleka kwa wazazi wangu kwa mara ya kwanza, nilikuomba jambo moja tu, usiguse ukuta. Ulikaa kwa adabu, ukaitikia salamu, ukanywa chai. Baba alipotoka kwenda kuleta kiti, nikasikia ngo, ngo, ngo. Akarudi akakukuta umebandika sikio. "Samahani sana, baba," ukasema, "lakini pembe hii itapasuka." Nilitamani ardhi inimeze. Mwaka wa pili ufa ukatokea palepale ulipoweka kidole. Baba alikupigia simu wewe, hakunipigia mimi. Ulikwenda, ukautengeneza kwa siku mbili, na tangu hapo mzee akinitambulisha kwa wageni anasema, "Huyu ni mume wa mkwe wangu."

Nyumbani ulikunywa chai umesimama, hata siku ya mapumziko. Uliimba bafuni, na kwa kweli Mungu alikupa vipaji vingi ila hicho hakikuwamo. Mikono yako ilikuwa migumu kama msasa, na kitinda mimba wetu hakukubali kulala mpaka umkune mgongo nayo. Bado anasema mikono yangu mimi inateleza.

Jirani yetu mshona viatu amenituma nisisahau lake. Alipoanza kutumia kiti cha magurudumu, ulimjengea mteremko mlangoni kwake Jumapili moja. Jumatatu ukamwona anaupanda kwa taabu. Jumapili iliyofuata ukauvunja wote, ukaujenga upya mrefu zaidi, wenye mwinuko wa pole. Alipokwambia ule wa kwanza ulitosha, ulimjibu, "Ulinitosha mimi. Wewe ulikuwa unatoka jasho."

Na wapo mafundi wako watatu, wanawake watatu waliokuja kwenye majengo kutafuta kibarua cha kubeba maji, kama wewe zamani. Uliwatia mwiko mkononi. Wanasema uliwakemea kwa neno moja kuliko mengine yote, neno "nadhani". "Usiniambie unadhani, niambie umepima." Yule mrefu, ambaye wewe mwenyewe ulimpachika jina la Twiga, anasema aliota anakemewa hivyo hata usingizini. Leo kila mmoja wao anasimamia kazi yake.

Sasa wiki ile.

Mlikuwa mnajenga bweni la wasichana, ghorofa tatu, na ngazi zilikuwa mikononi mwako. Jumanne ulirudi na mafua na kikohozi. Hatukushughulika, nani asiyepata mafua? Jumatano ulirudi mapema, saa tisa, unatetemeka mpaka meno yanagongana. Nikakufunika blanketi mbili na koti langu juu. Alhamisi asubuhi ulikwenda zahanati, ukapimwa malaria, hukuwa nayo. Ukapewa dawa ya kikohozi na ya maumivu, ukaambiwa upumzike, na hali ikibadilika urudi upesi.

Jioni hiyo ulianza kushika ubavu wa kulia. Kila ukivuta pumzi uso unakunjamana.

"Hicho ni kichomi, Fundi," nikakwambia.

"Nimebeba karai vibaya tu, Kinyozi. Msuli huu. Kesho utakuwa umeachia."

Nilikuamini. Nakiri hapa mbele ya wote wanaosoma. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa sikuwahi kukuona umelala kitandani mchana, isipokuwa ulipojifungua. Nilidhani mwili wako haujui kuugua. Nilidhani. Neno lile lile ulilolipiga marufuku.

Ijumaa saa mbili asubuhi Twiga akapiga simu. Zege la ngazi ya chini lilimwagwa Jumatano baada ya wewe kuondoka. Wametoa mbao, wamepima, kidato cha tisa kimezidi vingine kimo kwa sentimita tatu. Msimamizi wa jengo amesema kiachwe hivyohivyo, marumaru zitaficha. Ukaweka simu chini, ukaanza kutafuta buti zako.

Nikasimama mlangoni. "Huendi popote isipokuwa hospitali. Unahema kama umekimbia."

"Twende hospitali. Lakini tupitie pale, ni njiani."

"Sema nao kwa simu."

"Yule hasikii simu." Ukavuta pumzi kwa taabu. "Ngazi ina vidato kumi na vinane. Mguu ukishazoea vinane vya kwanza, haumwulizi mwenyewe tena, unajiendea. Msichana anakimbilia darasani, vitabu mkononi. Anafika cha tisa. Niambie kinachofuata."

Nilikuelewa, na hilo ndilo linaloniuma na ndilo ninalojivunia, yote mawili kwa pamoja. Tukapitia pale.

Ulipanda vidato vinane ukishika ukuta, ukapumzika mara mbili. Msimamizi akaja na mikono mfukoni. "Sentimita tatu tu, mama. Nani ataiona?"

"Hakuna atakayeiona," ukasema. "Ndiyo ubaya wake."

"Tuna tarehe ya kukabidhi."

"Bomoa. Usipobomoa nitakaa hapa mpaka mwenye jengo aje anikute." Ukakaa. Ukakaa kabisa, juu ya kidato cha tisa, mbele ya vibarua wote. Ukakohoa kwenye leso, na mimi niliyekuwa karibu nikaona makohozi yenye rangi ya kutu. Midomo yako ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Msimamizi naye aliiona. Alikutazama, akatazama kidato, akachukua nyundo kubwa akampa Twiga. Ukanyanyuka kumpisha. Kipande cha kwanza kilipodondoka ukanishika mkono. "Sasa nipeleke."

Hospitalini muuguzi alikubana kidoleni kifaa cha kupimia oksijeni, akakitazama, akakitoa, akakubana kidole kingine, kisha akaondoka mbio. Hapo ndipo nilipoogopa. Dakika chache baadaye ulikuwa na oksijeni puani na dripu mkononi, na daktari ametundika picha ya kifua chako kwenye taa. Pafu la kushoto lilikuwa jeusi, kama inavyotakiwa. La kulia lilikuwa jeupe kuanzia chini mpaka juu. Ukaitazama ile picha kwa macho ya kazi.

"Daktari," ukasema kwa sauti ya kukatika, "upande huu umepigwa lipu."

Daktari alicheka, kisha akaonekana kujuta kwamba amecheka. Akatueleza kuwa ni nimonia kali, ya bakteria, na kwamba wadudu wale wameshaingia kwenye damu. Ameanza kukupa antibayotiki za mshipani wakati huohuo. Mimi nikaanza kubishana naye kama mtu anayedai amepewa picha isiyo yake. "Huyu hana sukari, hana presha, hana pumu. Havuti sigara. Anapanda ghorofa tatu na zege begani!"

"Ndiyo maana ameingia hapa kwa miguu yake," akasema kwa upole. "Mwili wenye nguvu huficha. Hupambana kimyakimya mpaka unafika mwisho, na ukichoka unachoka mara moja. Wengine wangeanguka jana."

Jumamosi ulionekana afadhali asubuhi. Mabinti waliruhusiwa kuingia mmoja mmoja. Kitinda mimba alikuletea mchoro wa nyumba, ukaugeuzageuza, ukamwambia paa limekaa sawa. Kifungua mimba alikuwa na mtihani wake wa mwisho wa shule Jumatatu, akakwambia hataufanya, atabaki na wewe. Nilikuwa nje ya pazia, nikakusikia ukimwambia pole pole, neno moja kwa pumzi moja: "Utabaki. Hapa. Ufanye nini? Unishikie pafu? Nenda. Ukaandike."

Mchana presha ya damu ikashuka. Figo zikaanza kugoma. Wakabadilisha dawa, wakaongeza, wakakuhamishia chumba cha wagonjwa mahututi. Wauguzi wale na daktari yule mwembamba hawakukaa chini, nami nasema hivi ili iandikwe: hatuna lawama nao hata chembe.

Jumapili asubuhi walisema itabidi mapafu yako yapumzishwe, yaani wakulaze usingizi wa dawa na mashine ikupumulie. Walinipa dakika tano. Wewe ulizitumia vizuri kuliko mimi.

"Nikiamka tutacheka," ukasema.

"Tutacheka sana."

"Nisipoamka, usijilaumu. Najua utajilaumu. Nakujua." Ukavuta pumzi. "Hata ungenifunga kamba, ningekwenda kwenye ile ngazi."

"Najua."

"Kidato kilivunjwa chote? Hawakuchonga juu tu?"

"Chote, Fundi. Twiga amenipigia. Wamemwaga upya. Amepima."

"Hakusema anadhani?"

"Amesema amepima."

Ukafumba macho, na usoni ukawa na ile sura yako ya mtu aliyemaliza kazi anayesubiri kunawa mikono. Hukuamka. Kifungua mimba alitoka chumba cha mtihani saa tano Jumatatu, akamkuta shangazi yake getini, hakuhitaji kuambiwa. Aliufaulu mtihani ule, Fundi. Karatasi ya matokeo aliibandika juu ya kitanda chake kwa gundi, na sote tunaona kwamba imekaa upande. Hakuna aliyethubutu kuinyoosha. Anasema mwenyewe ndiye atakayeinyoosha, siku atakayojisikia.

Siku ya mazishi njia yote ilijaa watu wenye kofia za ujenzi mkononi. Msimamizi yule alikuja. Alishika jeneza upande wa mbele, mpaka mwisho, akakataa kupokewa. Bweni lilifunguliwa baada ya miezi miwili, na mabinti zako walialikwa, wakapanda na kushuka ngazi ile mpaka kitinda mimba akachoka.

Mimi nilirudi kazini nikiwa mtu bubu. Kinyozi asiyeongea ni hasara, wateja walinihurumia tu. Nilikuwa nimemwomba daktari aniandikie zile dalili, kwa sababu nilitaka kujua nini hasa nilikuwa nimekiona nisikitambue: kutetemeka kwa baridi kali ghafla, kichomi unapovuta pumzi, makohozi ya rangi ya kutu, kuhema haraka hata umekaa, kuchanganyikiwa. Na kwamba nimonia huwapata hata wenye afya zao. Kitinda mimba akazinakili kwa mwandiko wake mkubwa, tukazibandika pembeni mwa kioo, pale macho ya mteja yanapoangukia akiwa hana pa kutazama.

Mwezi wa saba baada ya wewe kuondoka, Jumamosi asubuhi, aliingia dereva wa lori. Kijana wa miaka thelathini na mbili, mabega kama mlango. Nikamfunga kitambaa shingoni, nikaanza upande wa kushoto. Nilipofika utosini nikaona kitambaa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, upesi upesi. Mtu amekaa kwenye kiti, hajanyanyua kitu. Nikatazama saa ya ukutani nikahesabu. Pumzi thelathini na nne kwa dakika moja.

"Ndugu yangu, unaumwa?"

"Mafua tu. Na kichomi kidogo hapa."

"Umetetemeka?"

"Juzi. Blanketi mbili hazikunitosha." Halafu nikaona macho yake yamesimama pembeni mwa kioo, anasoma.

Nikazima mashine. "Nyanyuka, twende."

"Twende wapi? Umeninyoa nusu!"

"Nusu inatosha."

"Kinyozi, siwezi kupita barabarani hivi, watu watanicheka!"

"Wacha wacheke. Nyanyuka." Na mimi, ambaye ulinijua nashindwa kumkatalia hata mtoto, nilimshika mkono mtu yule mkubwa na kitambaa chake shingoni, nikafunga duka lenye wateja watatu ndani wakipiga kelele, nikampeleka palepale nilipokupeleka wewe. Nilimwambia muuguzi wa mlangoni, "Sidhani. Nimehesabu."

Alilazwa siku tisa. Ilikuwa nimonia, ya bakteria, ile ile. Siku ya tatu walisema afadhali wamempata mapema. Siku ya kumi na mbili alikuja dukani na kofia kichwani, amepungua, anatembea pole pole, mkewe kando yake na mtoto mgongoni. Akakaa kwenye kiti, akavua kofia. Duka zima likaangua kicheko, yeye akiwa wa kwanza. "Malizia kazi yako," akaniambia.

Nikammalizia. Na nilipokuwa nammalizia nikaanza kuongea, kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba. Nilimsimulia juu yako: mwiko na kijiko cha supu, ukuta wa baba, kidato cha tisa, lipu. Waliokuwa wakisubiri zamu wakasogeza viti karibu. Walipokuwa wakiondoka, mkewe alirudi peke yake kutoka mlangoni, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Mwambie mkeo ahsante," akasema. Kisha akashtuka, akaziba mdomo, akaanza kuomba radhi.

Nikamwambia asiombe radhi, nitakwambia. Nimechelewa, lakini ndiyo sababu ya maandishi haya: yule mama amesema ahsante, Fundi. Mtoto wake ameanza kutembea, na baba yake ndiye anayemshika mkono.

Wanaokukumbuka ni mimi mumeo. Mabinti zako, kifungua mimba aliyefaulu na kitinda mimba anayekunwa mgongo na mikono laini. Mama yako mzazi, ambaye bado anakutaja kwa wakati uliopo. Dada yako na shemeji yako. Mawifi zako wawili. Baba mkwe wako, anayesema ukuta wake haujapasuka tena. Jirani yetu mshona viatu. Na mafundi wako watatu, wanaokuita mama ingawa mmoja wao amekuzidi umri.

Tulikuwa na wewe, na tunatembea vichwa juu kwa sababu hiyo. Tutakukumbuka kila tuamkapo, mpaka zamu yetu sisi ifike.